Shemeji Ananipa Injini ya Kijani, Nami Nauogopa Mwinuko wa Bustani Yangu

Jumatatu ya Pasaka mwaka huu, alasiri, mvua ikiwa imetoka tu kuacha, nilipoteza injini yangu ya mvuke, Mama Aurore mpendwa, na naanza na hilo kwa sababu najua wengine hukujazia kurasa mbili kabla hawajasema kilichowapata, mimi ni mtu wa biashara, nasema kwanza kilichopotea halafu tunazungumza. Ilikuwa injini ya kweli, si ya betri, inawashwa kwa makaa, kilo mia moja kamili, zote juu ya magurudumu ya kuvuta, inavuta vibehewa viwili vya chini ambavyo mtu anavikalia kama anavyokalia pikipiki, juu ya reli nyembamba ambayo upana wake haufiki shubiri, niliyoilaza mwenyewe katika bustani ya nyumba yangu hapa Kagarama. Iliteleza na kurudi nyuma ikiwa na watoto sita, na mmoja wao ni binti yangu Mahoro, ana miaka saba.

Nikueleze mimi ni nani, usije ukadhani ni tajiri anayelilia mwanasesere wake. Nimekulia Tabora, nyumba yetu ilikuwa karibu na reli hivi kwamba sahani zilicheza mezani treni ikipita, nikarudi nyumbani Rwanda nikiwa kijana sina kitu, nikaanza kuuza misumari kwa kupima pale Agakiriro, soko la mafundi la Gisozi, leo nauza vyuma na mabati na hakuna aliyenishika mkono. Kila nilichonacho nimekipata kwa kupima mara mbili na kukata mara moja. Nchi yetu haina reli, kwa ninavyojua mita tisini zilizo kwangu ndizo zote, na nilitaka mtoto wangu ajue mlio wa treni kama nilivyoujua mimi.

Bustani yangu iko kwenye mteremko kama bustani zote za huku. Nimeikata matuta matatu yenye kuta za mawe, kila tuta ni tambarare ya mita ishirini, na kati ya tuta na tuta reli inapanda kwenye mwinuko wa mita kumi na tano, miinuko iko miwili. Kutoka geti la chini mpaka mlango wa jikoni ni mita moja na sentimita themanini za kupanda, nilipima kwa mpira wa maji kama waashi wanavyopima, nikagawa kwa mita tisini, nikapata asilimia mbili. Asilimia mbili tu, Mama Aurore, barabara inayoleta magari kwangu ni kali kuliko hiyo mara tatu.

Sasa injini ile nilipewa na shemeji yangu Benon, kaka wa mke wangu Shami, yuko Uingereza miaka mingi na ni mwanachama wa kikundi cha watu wanaopenda mashine hizi. Tulipohamia nyumba mpya alisema zawadi yake ni injini, akaniuliza mteremko wa bustani ni kiasi gani, nikamtumia: asilimia mbili. Akachagua yeye. Mimi nilitoa namba, yeye akachagua injini, injini ikashindwa, kwa hiyo mwenye kosa unamjua, lakini katika nyumba yangu jambo hilo halisemeki.

Siku ile tulipanda mwinuko wa kwanza kwa shida, nikasema ni mvua. Kwenye mwinuko wa pili magurudumu yakaanza kuzunguka pale pale, yanasaga reli, hatuendi, watoto wanacheka wanafikiri ni mchezo. Nikaongeza mvuke, yakazunguka zaidi. Halafu tukaanza kurudi nyuma. Nilivuta breki, na hapa ndipo naomba unisikilize vizuri, magurudumu yalisimama kuzunguka, lakini sisi hatukusimama. Tulikuwa tunateleza kama sabuni. Kwenye kona ya chini kibehewa cha nyuma kiliruka reli kikamwaga watoto majanini, changu kikafuata, na injini ikapita kando yetu, ikavunja ukingo wa mawe na kutumbukia kwenye ruhurura, ule mfereji mkubwa wa maji ya mvua. Bomba lilikatika humo, mvuke ukatoka kwa mlio ambao sijui kuuandika, na mimi nimepiga magoti kwenye majani nahesabu vichwa, sita, nikahesabu tena, sita. Mmoja alipasuka kidevu. Wengine hawana hata mkwaruzo. Kutoka walipolala mpaka ruhurura ni hatua tatu.

Jirani yangu Mukagasana, wawili kati ya wale ni wake, alifika akanikuta bado nimepiga magoti. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mutsinzi, hicho kitu kingeweza kulipuka?"

Nikamwambia, "Sijui."

"Hujui," akasema. Akawashika watoto wake mikono, akaondoka. Hakunitukana wala hakunishtaki, mpaka leo ananisalimia vizuri kabisa, na salamu zake ndizo zinazonitisha kuliko kama angenipigia kelele.

Tangu siku hiyo naogopa. Sufuria ya presha ikipiga mluzi jikoni natoka nje. Watoto wa jirani wakija kucheza nafunga geti la juu la bustani kwa kufuli. Na Mahoro, ambaye nilidhani amesahau, aliniuliza tukiwa mezani, uji bado uko kinywani, "Papa, treni ikirudi nyuma tena, turuke au tukae?" Shami akaniangalia, mimi nikaangalia sahani.

Ungedhani yameishia hapo, reli niing'oe niuze chuma, nipande mchicha. Hapana. Wewe unaijua desturi yetu ya gushumbusha, mtu akifiwa na ng'ombe, rafiki au mkwe anampa mwingine ili zizi lisibaki tupu, na anayepewa hachagui rangi, hashiki pembe, hafungui mdomo wa mnyama kuhesabu meno, anapiga makofi na kushukuru. Sasa Benon ameamua kunishumbusha injini. Alipiga simu wiki moja baada ya Pasaka.

"Shemeji, pole sana. Ilikufa na nini?"

"Mvua," nikasema.

"Mvua tu?"

"Mvua, na majani kwenye reli."

"Basi nitakupa yenye nguvu zaidi. Hii haitaona mvua wala jua."

Anazo mbili za kutoa. Moja ni ya kijani, ndefu, mfano wa zile za treni za haraka, magurudumu ya kuvuta ni manne makubwa, uzito kilo mia na thelathini, lakini nilimbana kwa maswali akanitajia kwamba kilo sabini na nane tu ndizo zinazokaa juu ya magurudumu hayo manne, nyingine zimebebwa na vigurudumu vidogo vya mbele na nyuma ambavyo havivuti chochote. Nyingine ni nyeusi, fupi, sura yake kama jiko la mkaa lililotiwa miguu, kilo tisini na sita, ina magurudumu manane madogo na yote manane yanavutwa kwa gia, na mwendo wake, anasema Benon akicheka, ni wa bibi anayetoka misa. Mimi moyo wangu uko kwa nyeusi. Benon hataki hata kuizungumzia. "Hiyo nilikuwa naitoa kwa shule," anasema, "siwezi kumshumbusha mume wa dada yangu kitu kibaya namna hiyo, watu watasema nini?"

Na amekwisha kutuma picha ya ile ya kijani kwenye kundi la familia. Watu sitini na mmoja wameiona. Mabukwe, mama mzaa mke wangu, bibi Gahongayire, ameipa jina la ng'ombe, anaiita Gaju, na Gaju kwa kawaida ni ng'ombe wa rangi ya kahawia na hii ni kijani kama embe bichi, lakini nani atambishia? Juu ya hapo ametangaza kwamba mwisho wa Agosti, mjukuu wake akipata komunyo ya kwanza, sherehe itakuwa kwangu na watoto wote watapanda Gaju. Watoto thelathini na wawili. Nimewahesabu kwenye orodha ya waalikwa.

Nilijaribu kwa Shami. Nikamwambia ile ya kijani siitaki.

"Kaka yangu anakupa kitu, wewe unatafuta kasoro kama unanunua misumari."

"Misumari haikaliwi na watoto."

"Basi mpigie umwambie."

"Nimwambie nini?"

"Basi rero, si unaona? Hata wewe hujui." Akaendelea kukunja nguo. Baadaye kidogo akasema bila kuniangalia, "Mama ameshaipa jina, Mutsinzi. Ukikataa, humkatai Benon peke yake."

Ndipo nilipo, Mama Aurore. Nikikubali ya kijani naona tena majani yale na ruhurura ile, safari hii vichwa nahesabu thelathini na viwili na naogopa namba itakayotoka. Nikikataa nimewatukana wakwe mbele ya watu sitini na mmoja. Usinitume kwa padri, nimeshaenda. Usiniambie tujadiliane kama mume na mke, tumeshajadiliana, nguo zote zimekunjwa. Benon anafunga kontena Ijumaa asubuhi, likishafungwa kinachokuja kinakuja. Nataka jibu la moja kwa moja kabla ya Alhamisi saa sita mchana: nichukue ya kijani au nyeusi, na namwambiaje.

Mutsinzi,
Kagarama

MAMA AURORE ANAJIBU

Mutsinzi, nyeusi.

Hilo ndilo jibu, na leo ni Jumatano, kwa hiyo umelipata mapema. Ungeweza kufunga gazeti hapa, lakini ukifunga hapa watoto watamwagika tena majanini, safari hii nyuma ya injini nyeusi. Endelea kusoma.

Kwanza pole. Mtu aliyepiga magoti akahesabu watoto mara mbili hawezi kuambiwa anadeka. Nimesoma sehemu ile nikasimama, nikaenda kunywa maji.

Sasa nikuseme. Mimi kazi yangu ni mambo ya nyumba, injini ya mvuke sijawahi hata kuigusa, kwa hiyo nilimpigia mhandisi mmoja nikamsomea barua yako. Nilipofika kwenye matuta alinikatisha. "Mama, rudia hapo." Nikarudia. Akauliza, "Tambarare inapanda?" Nikasema tambarare haipandi, ndiyo maana inaitwa tambarare. Akasema, "Basi mwambie agawe upya."

Gawa, Mutsinzi. Una mita tisini za reli, lakini sitini zimelala, hazipandi hata kidole. Ile mita moja na sentimita themanini yote inapandwa kwenye mita thelathini za miinuko yako miwili. Hiyo ni asilimia sita. Umechukua mteremko mkali ukauchanganya na uwanja wa mpira, ukapata wastani mzuri, ukampelekea shemeji yako. Wewe unayepima mara mbili ulipima vizuri kabisa, ila uligawa kwa reli isiyopanda.

Kwa hiyo acha kusema mwenye kosa namjua. Benon alichagua injini ya asilimia mbili kwa sababu uliomba injini ya asilimia mbili. Injini, vibehewa, watoto sita na wewe mwenyewe, nakisia mlikuwa karibu kilo mia nne. Kwenye asilimia mbili mlima unawavuta nyuma kwa nguvu ya kilo nane. Kwenye sita, kilo ishirini na nne. Reli iliyolowa, anasema mhandisi, inashika kama sehemu moja ya kumi tu ya uzito ulio juu ya magurudumu yanayovuta au yanayofunga breki, na kwako hiyo ilikuwa kilo kumi. Ndiyo maana magurudumu yalisimama na ninyi hamkusimama. Breki haikuwa mbovu. Haikuwa na cha kushika.

Utaona sasa kwa nini ya kijani haifai. Ni nzito kuliko ile iliyokufa lakini inashika kidogo kuliko ile iliyokufa, uzito wake unabebwa na magurudumu yasiyofanya kazi. Nyeusi inasimama kwa miguu yake yote minane. Hapo moyo wako ulikuwa sawa. Lakini kwenye asilimia sita, reli ikilowa, hata nyeusi haitakupandisha wewe peke yako, kwa hiyo usije ukaipokea ukajiona umepona.

Na hofu yako usiionee aibu. Iko mahali pake. Aibu iko kwingine, iko kwenye lile neno moja ulilomjibu shemeji yako: mvua. Umeniandikia kana kwamba desturi ya gushumbusha ndiyo inayokufunga mdomo. Nimekulia humo humo, babangu ameshumbushwa na ameshumbusha. Kweli anayepewa hachagui rangi. Lakini anayetoa huuliza kwanza ng'ombe alikufa na nini, na huuliza kwa sababu hataki wa pili afe hivyo hivyo. Kama nyuma ya zizi lako kuna genge la mwamba, unasema kuna genge. Kusema hivyo si kukataa zawadi, ni kumheshimu aliyeitoa. Benon aliuliza mara mbili. Wewe ulimficha genge, halafu unamlaumu kwa ng'ombe.

Kwa hiyo huendi kukataa kitu chochote. Unakwenda kurekebisha namba uliyoitoa. Leo jioni chukua mpira wako wa maji, pima mwinuko mmoja mmoja peke yake, na umpigie Benon ukiwa umesimama pale pale kwenye mwinuko, kabla hujaingia ndani ukakaa ukaanza kufikiri. Mwambie hivi: "Shemeji, nilikupa namba isiyo sahihi. Bustani yangu ni asilimia sita mahali pabaya. Ya kwanza haikuuawa na mvua, iliuawa na mteremko wangu, na mpwa wako alikuwa juu yake. Nakuomba ile nyeusi." Halafu nyamaza. Mtu anayependa mashine hizi akisikia asilimia sita hatazungumzia tena rangi, nakuhakikishia, atakuuliza maswali mpaka salio liishe. Mwombe yeye mwenyewe aandike kwenye kundi la familia kwamba amebadilisha kwa sababu ya mlima. Akiandika Benon, ni busara ya Benon. Ukiandika wewe, ni dharau yako. Kwa bibi Gahongayire mwende wewe na Shami, kwa miguu yenu wenyewe, na mumwombe ahamishie jina kwa nyeusi. Wazee wanapenda kuombwa.

Kwa Shami hukumwambia namba pia, si kweli? Ulimwambia siitaki. Mwanamke akisikia siitaki juu ya kaka yake afanye nini, apige makofi? Mpeleke kwenye mwinuko, mshikishe mwisho mmoja wa mpira.

Kisha kazi ya mikono, ambayo najua utaipenda kuliko hii ya mdomo. Kabla injini haijafika, vunja miinuko miwili uirefushe kila mmoja kufika mita thelathini kwa kuingia kwenye tambarare, unazo nyingi zimelala bure. Mteremko utashuka kufika asilimia tatu, na hapo nyeusi, reli ikiwa kavu, itawabeba wewe na watoto sita. Kila kibehewa kiwe na breki yake, na mtu mzima mmoja akae nyuma kabisa akiishika. Ukingo wa ruhurura ujengewe ukuta, si wa matofali mawili. Injini ikifika, boila, lile pipa la mvuke, ijazwe maji baridi isukumwe kwa presha na mtu anayejua, kuona kama inavuja, kabla ya kiberiti. Wiki za kwanza panda na mifuko ya mchanga, si na watoto. Mvua ikinyesha, hakuna safari, hata akiomba askofu.

Nenda pia kwa Mukagasana. Alikuuliza swali ukasema hujui. Sasa unajua zaidi, mwambie yote, pamoja na ile hesabu.

Na komunyo, mwambie mabukwe wiki hii hii kwamba Agosti treni haitatembea. Kontena litakuwa halijafika au litakuwa limefika jana yake, na hizo zote ni sababu za kutopandisha mtoto. Atanuna. Mwache anune, ana haki ya kununa kwake. Watoto thelathini na wawili watakula keki, watachafua nguo zao nyeupe, watagombania mpira kwenye tuta la chini, na jioni kila mmoja atarudi kwao kwa miguu yake.